UZI: Atomu, isotopu na ioni – tuichambue elementi moja tu, potasiamu

Ganda la Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Mitihani ikikaribia maswali huwa yale yale: namba atomia inachanganywa na namba ya masi, ioni inaitwa isotopu, na kuna anayetafuta neutroni kwa kutoa elektroni. Safari hii tusirukeruke kutoka elementi moja hadi nyingine. Tuishike potasiamu (alama yake K) tuimalize. Ina isotopu tatu za asili, moja kati yake ina mionzi. Ioni yake ni ya aina moja tu. Na iko kwenye mbolea, kwenye damu na kwenye miamba ya Olduvai, kwa hiyo wenye fani zao watachangia.

Kuna hesabu tatu, na kila moja ina kazi yake:

Protoni ni 19, na hiyo ndiyo namba atomia. Hizi ndizo zinazoipa elementi utambulisho. Zikiwa 18 hiyo ni argoni, zikiwa 20 ni kalsiamu, hata kama kila kitu kingine kinafanana.

Neutroni ni 20, 21 au 22. Jumlisha na protoni upate namba ya masi: K-39, K-40, K-41. Tofauti hiyo ya neutroni ndiyo isotopu, basi.

Elektroni ni 19 kwenye atomu isiyo na chaji, zimepangwa 2, 8, 8, 1. Ile moja ya nje ikiondoka zinabaki 18, na kinachobaki ni K⁺.

Swali la mfano: taja chembe zote za ioni ya K-41 yenye chaji +1. Protoni 19. Neutroni 41 − 19 = 22. Elektroni 19 − 1 = 18. Wanaokosa hukosa kwa njia mbili. Wa kwanza anafanya 41 − 18 na kupata neutroni 23. Namba ya masi haina habari na elektroni hata kidogo. Wa pili anaona alama ya kujumlisha anaongeza elektroni, anaandika 20. Chaji chanya maana yake chembe hasi zimepungua, kwa hiyo kwenye ioni yenye + unatoa, yenye − unaongeza.

Karibuni.

---

Kidato cha Tatu B

Mwalimu shikamoo. Nina mawili. La kwanza: tumefundishwa ganda la tatu linabeba hadi elektroni 18. Mbona potasiamu inaweka 8 tu, halafu ya 19 inahamia ganda la nne? La pili: K⁺ ina elektroni 18, na argoni ina 18. Kwa nini tusiseme potasiamu imekuwa argoni?

---

Ganda la Nne

Marahaba. Maswali mazuri sana, na yote mawili yanastahili jibu la kweli, siyo "kariri hivyo hivyo".

La ganda: ndani ya kila ganda kuna vijiganda. Ganda la tatu lina 3s (elektroni 2), 3p (6) na 3d (10), jumla 18. Elektroni hujaza kwanza mahali penye nishati ndogo. Kwa potasiamu, 4s iko chini kidogo ya 3d kinishati, kwa hiyo ya 19 inakaa 4s. Kalsiamu inaongeza ya pili hapo hapo. Kuanzia skandiamu, namba 21, ndipo 3d inaanza kujazwa. Hivyo ile kanuni ya 2n² (n ni namba ya ganda; kwa la tatu, 2 × 3² = 18) ni uwezo wa ganda kwa ujumla, siyo utaratibu wa kujaza. Ukiandika potasiamu 2, 8, 9 umekosa.

La argoni: mpangilio wa elektroni ni sawa kabisa, ila K⁺ ina protoni 19 na argoni 18. Vile vile Cl⁻ ina elektroni 18, Ca²⁺ nayo 18. Zote nne zina idadi moja ya elektroni, lakini zinatofautiana ukubwa kwa sababu kiini chenye protoni nyingi huzivuta elektroni zile zile kwa nguvu zaidi. Kati ya hizo tatu zenye chaji, Cl⁻ ndiyo kubwa kuliko zote na Ca²⁺ ndogo kuliko zote. Swali la kupanga kwa ukubwa hutoka mara kwa mara: hesabu protoni tu.

Na kwa nini inaishia +1? Angalia nishati ya kung'oa elektroni. Ya kwanza inadai kama kJ 419 kwa moli. Ya pili inadai kama kJ 3,050, zaidi ya mara saba, kwa sababu sasa unaingia kwenye ganda lililojaa na lililo karibu na kiini. Hakuna mmenyuko wa kawaida wa kikemia unaolipa gharama hiyo. Ndiyo maana hutaona K²⁺ kwenye chupa yoyote ya maabara.

---

Mizani ya Moli

Niongezee upande wa masi, maana hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Kwenye jedwali la elementi potasiamu imeandikwa 39.10. Hakuna atomu hata moja ya potasiamu yenye masi hiyo. Ni wastani uliopimwa kwa wingi wa kila isotopu:

K-39: asilimia 93.26, masi 38.964
K-40: asilimia 0.0117, masi 39.964
K-41: asilimia 6.73, masi 40.962

Zidisha kila masi kwa sehemu yake: 36.338 + 0.005 + 2.757 = 39.10. Anayejumlisha 39, 40 na 41 kisha kugawa kwa 3 anapata 40, na jibu hilo linaonyesha hajaelewa neno "wingi". Kabla ya kukokotoa jiulize wastani unapaswa kuegemea wapi. Hapa K-39 imetawala, lazima jibu likae karibu na 39.

Angalizo kwa wanaorudi nyuma, yaani wanaopewa wastani na kuulizwa asilimia. Chukua shaba: isotopu Cu-63 na Cu-65, wastani 63.55. Ukitumia namba za masi, 63x + 65(1 − x) = 63.55, unapata x = 0.725, yaani asilimia 72.5 ya Cu-63. Kitabu cha data kinasema 69.15. Hujakosea aljebra. Tatizo ni kwamba masi halisi ya Cu-63 ni 62.930 na ya Cu-65 ni 64.928. Weka hizo pamoja na wastani wa 63.546, x inatoka kama 0.69. Pengo dogo kwenye masi limezaa kosa la asilimia tatu kwenye wingi. Kwenye mtihani tumia ulichopewa. Kwenye kazi halisi tumia masi halisi.

Pengo lenyewe linatoka wapi? Kiini kilichoungana ni chepesi kuliko jumla ya vipande vyake. Kaboni-12 ni 12 kamili kwa makubaliano, lakini protoni 6 (1.00728 kila moja), neutroni 6 (1.00866) na elektroni 6 (0.00055) zikipimwa mbalimbali ni 12.099. Hiyo 0.099 iliyopungua iliondoka kama nishati kiini kilipoungana.

---

Kidato cha Tatu B

Asante mwalimu. Sasa nimeangalia jedwali: argoni namba 18 ni 39.95 na potasiamu namba 19 ni 39.10. Mbona ya nyuma ni nzito kuliko ya mbele?

---

Binti wa Miamba

Mdogo wangu, umegusa jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye jedwali lile.

Mendeleev alipotoa jedwali lake mwaka 1869 msingi wake ulikuwa uzito wa atomu. Argoni ilipogunduliwa mwaka 1894 ikaleta mgogoro huo huo uliouona: kwa uzito ingekaa baada ya potasiamu, na hapo gesi isiyoshikamana na chochote ingeangukia safu moja na sodiamu. Mwaka 1913 Henry Moseley alipima eksirei zinazotoka kwenye elementi mbalimbali akaonyesha kwamba namba inayopanga jedwali ni chaji ya kiini. Ndiyo protoni alizosema mwanzisha uzi.

Lakini kwa nini argoni ni nzito? Zaidi ya asilimia 99 ya argoni ya hewani ni Ar-40, na karibu yote imezaliwa na potasiamu, ndani ya miamba ya dunia hii hii. Ile K-40 yenye asilimia 0.0117 haijatulia. Ina protoni 19 na neutroni 21, witiri kwa witiri, na viini vya namna hiyo ni nadra kudumu. Hufumuka kwa njia mbili:

Kama asilimia 89 ya mara, neutroni moja hugeuka protoni na kutoa elektroni yenye kasi. Protoni zinakuwa 20: hiyo ni kalsiamu-40.

Kama asilimia 11, kiini kinameza elektroni moja ya ganda la ndani. Protoni moja pamoja na elektroni hiyo zinakuwa neutroni, na chembe ndogo iitwayo neutrino inatoka. Protoni zinakuwa 18: hiyo ni argoni-40.

Rudi sasa kwenye swali lako la awali, la K⁺ na argoni. Potasiamu ikipoteza elektroni ya nje inakuwa K⁺, bado potasiamu. Kiini chake kikimeza elektroni ya ndani, inakuwa argoni kweli, na hairudi. Ioni ni mambo ya nje ya kiini, unaweza kuyageuza kwa betri au kwa tone la maji. Hili jingine ni la ndani ya kiini, na hakuna moto wala asidi inayoliharakisha.

Nusu-uhai wa K-40, yaani muda wa nusu yake kufumuka, ni miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa bado uji wa moto, argoni hutoroka kwa sababu ni gesi isiyofungamana na kitu. Ikiganda na fuwele kujijenga, saa inaanza sifuri: K⁺ imekaa kwenye fuwele za feldspa (madini ya kwenye miamba), na kila Ar-40 inayozaliwa inanaswa mle. Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, Olduvai mwaka 1959. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley, pamoja na Louis Leakey, walitangaza umri wa miaka milioni 1.75 kwa kupima majivu ya volkano ya tabaka lile. Walipima jiwe, mfupa haukuguswa. Fuvu lenyewe liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Oneni udogo wa kitu kinachopimwa. Sehemu ya K-40 iliyofumuka kwa miaka milioni 1.75 ni takriban 0.693 × 1.75 ÷ 1,250 = 0.00097. Asilimia 10.7 ya hiyo ndiyo imekuwa argoni: 0.000104. Yaani kwa kila atomu elfu kumi za K-40, atomu moja ya argoni.

Na hapo ndipo makosa huingilia. Jiwe lililooza au kupashwa moto baadaye hupoteza argoni, umri unatoka mdogo. Fuwele kuukuu za mwamba wa zamani zikichanganyika kwenye majivu, umri unatoka mkubwa. Argoni ya hewa nayo hujipenyeza, ila ina alama yake: hewani kuna Ar-40 kama 298.6 kwa kila Ar-36 moja. Unapima Ar-36, unazidisha, unaondoa. Isotopu moja inatumika kusafisha nyingine.

---

Mpita Njia Kahama

Kwa nini wasitumie kaboni-14 tu kama tunavyosikia kila siku?

---

Binti wa Miamba

Nusu-uhai wa C-14 ni miaka 5,730. Ikifika miaka 50,000 hivi kilichobaki ni kidogo mno kupimika. Kwa milioni 1.75 hakuna kitu. Saa huchaguliwa kulingana na umri unaoutafuta.

---

Shamba Darasa

Sasa kuna watu wataogopa mbolea baada ya kusoma hapa, kwa hiyo tuhesabu.

Gramu 1 ya potasiamu ina atomu 6.022 × 10²³ ÷ 39.1, mara 0.000117, sawa na K-40 kama 1.8 × 10¹⁸. Zidisha kwa kasi ya kufumuka (0.693 gawa kwa nusu-uhai katika sekunde, ambao ni 3.94 × 10¹⁶) unapata kama mifumuko 32 kwa sekunde. Ndizi mbivu moja ina gramu 0.4 hivi: mifumuko 13 kwa sekunde. Mwili wa mtu mzima wa kilo 70 una gramu 140 hivi: zaidi ya 4,000 kwa sekunde, usiku na mchana, tangu binadamu awepo. Kula ndizi hakuongezi, kwa sababu figo hutoa potasiamu iliyozidi. Mfuko wa mbolea dukani hauhitaji kinga yoyote ya mionzi.

Kinachowaumiza wakulima ni lebo. Mbolea ya NPK (nitrojeni, fosforasi, potasiamu) 17-17-17 haina asilimia 17 ya potasiamu. Namba ya tatu huandikwa kwa hesabu ya K₂O (oksidi ya potasiamu), utaratibu wa zamani wa wakemia, ingawa ndani ya mfuko hakuna K₂O. Kubadilisha zidisha kwa 0.83 (78.2 ÷ 94.2). Mfuko wa kilo 50: 50 × 0.17 = kilo 8.5 za K₂O, mara 0.83, kilo 7 za potasiamu. Ripoti ya udongo ikikupa mapendekezo kwa K tupu nawe ukasoma lebo kana kwamba ni K, utaweka pungufu kwa karibu asilimia 17.

Kwenye udongo mmea hauli atomu ya potasiamu, unakula ioni K⁺. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, zinaishika K⁺ isisombwe na mvua. Nitrati, yenye chaji hasi, haishikwi. Kichanga kina mfinyanzi mdogo, kwa hiyo gawa dozi mara mbili au tatu badala ya kumwaga yote siku moja. Angalieni na ioni mwenza: KCl (kloridi ya potasiamu) ni bei nafuu na mahindi hayana shida nayo, lakini kwenye tumbaku kloridi huharibu uwakaji wa jani. Huko hutumika salfeti au nitrati ya potasiamu.

---

Tyubu Nyekundu

Upande wa maabara ya hospitali. Tunachopima ni K⁺, kwa elektrodi inayoitambua ioni hiyo peke yake. Kawaida kwenye damu ni kama 3.5 hadi 5.0 mmol/L. Ndani ya seli ni kama 140. Tofauti hiyo hulindwa na pampu ya seli inayotoa Na⁺ 3 na kuingiza K⁺ 2.

Ndiyo maana majibu ya uongo ni rahisi kutokea. Damu ikivutwa kwa sindano nyembamba kwa nguvu, seli nyekundu hupasuka na K⁺ ya ndani humwagika. Seramu ikiwa na wekundu, usitoe jibu la potasiamu, omba sampuli nyingine. Mgonjwa kufungwa mpira mkononi kwa muda mrefu huku akikunja na kukunjua ngumi, inapanda. Sampuli nzima kuwekwa friji kabla ya kutenganishwa, inapanda, kwa sababu baridi hudhoofisha pampu. Na kuna hili: tyubu ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, yenye chumvi ya potasiamu. Damu ikimiminwa kutoka hiyo kwenda tyubu ya kifuniko chekundu, unapata potasiamu ya juu ya kutisha na kalsiamu iliyoshuka, kwa sababu EDTA hukamata Ca²⁺. Ukiona hizo mbili pamoja, shuku tyubu kabla ya mgonjwa. Jaza nyekundu kwanza, zambarau baadaye.

Wauguzi wanaopita hapa: kichupa cha ml 10 cha KCl asilimia 15 kina gramu 1.5, gawa kwa 74.55, ni mmol 20. Kamwe kisisukumwe moja kwa moja kwenye mshipa, moyo husimama. Huchanganywa kwenye dripu, ikatikiswa vizuri, ikaenda polepole.

---

Kidato cha Tatu B

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: kwenye jaribio la mwale wa moto tunaambiwa potasiamu hutoa zambarau hafifu. Sisi tunaona njano tu kila mara.

---

Ganda la Nne

Hiyo njano ni sodiamu. Iko kwenye chumvi, jasho la vidole, vumbi. Mwanga wake (nm 589) ni mkali sana na wa potasiamu (nm 766 na 770) uko ukingoni mwa kile jicho linachoona, kwa hiyo sodiamu kidogo tu inaufunika.

Fanya hivi. Waya wa nikromu uchovye kwenye asidi ya HCl nzito, uchome, urudie hadi waya usitoe rangi yoyote. Usiushike upande wa ncha. Chovya tena kwenye asidi safi, gusa unga kidogo sana, peleka ukingoni mwa mwale usio na rangi. Tazama ndani ya sekunde za kwanza, kupitia kioo cha buluu cha kobalti: kioo hunyonya njano na kupitisha zambarau. Rangi hiyo ni elektroni ya nje iliyorushwa juu na joto, ikirudi chini. K-39 na K-41 hutoa rangi ile ile kwa macho, maana elektroni zao zimepangwa sawa.

Na msijaribu kufanya hili kwa metali ya potasiamu. Kipande cha zamani chenye ganda la njano juu kimeshatengeneza KO₂ (superoksidi ya potasiamu), na kukikata kwa kisu kunaweza kukilipua hata kama kilikuwa kwenye mafuta.

---

Kidato cha Tatu B

Na shule isiyo na kioo cha kobalti?

---

Mizani ya Moli

Tumia kitendanishi cha sodiamu kobaltinitriti, kikiwa kimetengenezwa siku hiyo hiyo. Ongeza asidi ya asetiki matone machache kwenye myeyusho wenu, kisha kitendanishi. K⁺ hutoa mashapo ya njano. Ila NH₄⁺ (ioni ya amoniamu) nayo hutoa mashapo hayo hayo, kwa sababu ina chaji moja na K⁺ na ukubwa unaokaribiana. Kwa hiyo kabla ya kuanza, chemsha sampuli na NaOH hadi harufu ya amonia iishe na karatasi nyekundu ya litmasi yenye unyevu, ikishikwa juu ya mvuke, isigeuke buluu. Poza, tia asidi ya asetiki hadi iwe na uasidi kidogo, ndipo uongeze kitendanishi. Ukikitia huku NaOH bado ipo, kobalti itashuka kama mashapo ya kahawia na jaribio litakuwa limeharibika.